Nilishusha Barakoa Ili Niamkie

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Upepo.

Upepo wetu wa Singida mwezi wa saba hauna adabu. Tangu asubuhi unapiga mabati ya stoo hii na kuingiza vumbi chini ya mlango. Nimejifunika khanga mbili na bado natetemeka, sijui kama ni baridi au ni kile kitu kingine. Nimejipima joto mara nne leo. Halijapanda. Nitajipima tena nikifika mwisho wa ukurasa.

Naogopa. Nianze na hilo, maana wiki nzima kila aliyeniuliza hali nilimjibu sijambo.

Niko stoo ya duka la baba, nyuma ya nyumba yetu, kati ya madumu ya mafuta ya alizeti na magunia ya mchele. Nina godoro, ndoo ya maji, na dirisha dogo ambalo mama ananipitishia sahani. Nimeambiwa nisitoke. Safari hii nimetii.

Kwa wewe uliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: nasoma udaktari, mwaka wa nne. Chuo kiko mbali, lakini mafunzo ya wodini niliomba nije kuyafanyia hapa mjini kwetu. Kwenye barua ya maombi niliandika kwamba nataka kuihudumia jamii iliyonilea. Uongo mtupu. Nilitaka chakula cha bibi, na nilitaka kulala kitanda kimoja naye kama nilivyolala tangu nina miaka minne.

Bibi ni mama yake baba. Mzaliwa wa Ihanja, Mnyaturu, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kitanga aliyekuja Singida kuuza nguo na hakurudi tena kwao. Babu alishafariki. Bibi ananiita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na mpaka leo ananishtaki kwa majirani kwamba marehemu alikuwa akinipenda mimi kuliko yeye.

Sasa nieleze nilichofanya, na nikieleze kwa mpangilio, kwa sababu kichwani kwangu kimevurugika.

Kabla hatujaja wodini, chuoni walitugawia dodoso kuhusu korona. Ugonjwa unaeneaje? Dalili zake ni zipi? Unapokuwa na mgonjwa unavaa barakoa kila mara, mara chache, au huvai? Nilijaza ile karatasi kwa dakika tano. Kwenye barakoa nilitia vema penye "kila mara" bila hata kuinua kalamu. Na sikuwa nadanganya, jamani. Niliamini hivyo.

Humu kwenye blogu nina makala tatu za kunawa mikono na kuvaa barakoa. Dukani kwa baba mimi ndiye niliyeweka ndoo ya koki mlangoni, na nilikuwa nawafukuza wateja wasionawa mpaka baba akalalamika kwamba namharibia biashara. Wauzaji wa jirani wakanipachika jina, Bibi Afya. Nikipita wanaficha pua zao kwa mikono na kucheka. Nami nilikuwa najisikia.

Kinyozi hajinyoi.

Jumatatu ya wiki ya juzi alilazwa mzee mmoja kutoka Kinyangiri. Mfugaji, mrefu, amekonda, anakohoa, masikio yake mazito. Kwenye faili waliandika nimonia. Sampuli ya korona ilichukuliwa na kusafirishwa, na majibu hayakutegemewa upesi. Mimi ndiye niliyepangiwa kuchukua historia yake.

Nilisimama kando ya kitanda na barakoa yangu, nikamwamkia. Akaangalia ukuta. Nikamwamkia tena kwa sauti. Akamgeukia mwanawe aliyekuwa akimuuguza, akamwambia kwa Kiswahili makusudi ili nisikie, kwamba watoto waliosoma siku hizi wanampita mtu mzima kama wanapita kichuguu.

Mimi? Mimi niliyelelewa na bibi ambaye ukimpita bila shikamoo anakurudisha mpaka getini uanze upya? Uso uliniwaka moto. Hakuwa amenisikia, na mdomo wangu hakuuona. Kwake yeye binti alikuja, akasimama juu ya kichwa chake kimya kimya, akafungua daftari.

Nikashusha barakoa mpaka kidevuni, nikainama karibu na uso wake, nikasema, "Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alifurahi. Nami nilifurahi, nikasema kumbe ni suala la heshima tu.

Ningeipandisha pale pale labda ningekuwa salama. Sikuipandisha. Alikuwa akinisoma midomo, na kila nilipotaka kuirudisha alikunja uso, hanielewi. Basi nikachukua historia nzima vile, barakoa ikiwa kidevuni kama kamba ya kofia. Ameanza kukohoa lini, ng'ombe wangapi, nani mwingine anaumwa nyumbani. Robo saa hivi. Alikohoa mara nyingi katika hiyo robo saa, na mara mbili nilihisi matone shavuni.

Nilijifuta kwa mkono wa koti.

Ijumaa ya wiki ile ile tulikula pilau kwenye sinia moja kama kila Ijumaa baada ya swala. Bibi anakaa kushoto kwangu. Ana tabia ya kuchambua nyama upande wake na kuzisogeza upande wangu kwa vidole, huku anasema kwa sauti kwamba mke mwenzake ni mroho. Usiku tulilala kitanda kimoja, kichwa kwa kichwa, kwa sababu anapenda nimsimulie ya wodini. Kesho yake, Jumamosi, koo lilianza kuniwasha. Nikasema vumbi. Nani asiyewashwa koo mji huu mwezi wa saba?

Jumatatu iliyofuata majibu ya mzee yakarudi. Korona. Akahamishiwa wodi ya peke yake.

Sista Magreti, muuguzi mkuu wa wodi yetu, alitupanga wanafunzi wote sita kwenye chumba cha wauguzi na kufunga mlango. Ni mama wa makamo, mpole, hapandishi sauti. Alitaka kujua nani alishusha barakoa akiwa karibu na yule mzee, hata kwa dakika moja. Hatamgombeza mtu, alisema, anataka kujua tu wa kukaa pembeni ni nani.

Emanueli akanyoosha mkono. Yeye ni mwenzangu wa darasa, kijana wa Mbeya, mkimya. Alisema aliishusha mara moja anywe maji. Akaandikwa jina, akaambiwa siku kumi na nne abaki hosteli, na mafunzo ya wodi ile atayarudia mwakani.

Sista alipofika kwangu akaniuliza kwa jina. Nikasema, "Muda wote, Sista." Koo likiwa linawasha.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza siku tisa na majibu yote ni ya aibu. Nilikuwa nimefundisha mji mzima kuvaa barakoa. Sikutaka kurudia mwaka. Na ningeanzaje kusema mbele za watu kwamba najua virusi vinavyoingia mwilini hatua kwa hatua, naweza kuwachorea, lakini nilivua kinga ili mzee asinione sina adabu? Tulipotoka pale wenzetu wakamcheka Emanueli, eti kiu imemponza. Nilicheka na mimi. Nadhani nilicheka kuwashinda.

Jumatano, wiki moja kamili leo, bibi akaanza kukohoa.

Nyumbani hakuna aliyelitaja lile jina. Baba alisema ni upepo. Mama akachemsha tangawizi na malimau. Shangazi akaleta majani ya mwarobaini na mchaichai ya kujifukiza, na mimi, mwanafunzi wa udaktari, nikaingia ndani ya blanketi na bibi, nikamshikia sufuria, tukavuta mvuke pamoja. Nilikuwa nalia mle ndani. Akadhani ni mvuke.

Ningeweza kumpeleka hospitali siku yoyote. Ni mwendo wa bodaboda dakika kumi. Lakini pale wangeuliza mgonjwa anaishi na nani, na Sista Magreti angeniangalia. Kwa hiyo kila asubuhi nilimshika bibi paji la uso, nikamwambia baba kwamba joto si kali, naye akanishukuru. Baba alinishukuru. Alimwambia jirani yake wa dukani, Mhindi mmoja anayeuza vyombo, kwamba raha ya kusomesha ni hii, daktari unaye ndani.

Jumamosi Emanueli alinipigia kutoka hosteli. Mzee wa Kinyangiri alifariki Alhamisi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Yeye hana dalili yoyote, ila anaogopa kulala. Akaniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeiandika methali hiyo kwenye insha tangu darasa la sita, na kila mara nilipata alama. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba kifo kinaweza kumuumbua mfichaji kwa kumchukua mtu mwingine.

Nije leo.

Kesho tulikuwa na kisomo cha kumrehemu babu. Kila mwaka bibi anakiandaa mwenyewe. Mikeka ilishafuliwa. Bibi zangu wote walikuwa waje, mashoga zake wa hapa mtaani na wengine wanaopanda basi asubuhi kutoka Ihanja, wazee wa pumu, wa presha, wa sukari, wakae chumba kimoja na madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo, wasome, wale sinia moja. Tangu juzi nilikuwa nawaona wameshaketi. Nilikuwa nawahesabu.

Asubuhi bibi alikaa ukingoni mwa kitanda anachambua mchele wa kisomo. Nikaona ameacha. Mkono wake umelala tu juu ya mchele, na mabega yanapanda na kushuka. Bibi haachi kazi katikati, hata siku ya msiba wa babu alimaliza kufagia uwanja kwanza. Nikachukua stetoskopu yangu, nikamwekea mgongoni.

Chini, pande zote mbili, kulikuwa na ile sauti ya mapafu yaliyoingia majimaji. Inafanana na chumvi ikidondoka kwenye kikaango cha moto. Nimeisikia kwa wagonjwa wengine, na nakumbuka nilivyofurahi mara ya kwanza kuitambua, nikanyoosha mkono haraka nimjibu daktari kabla ya wenzangu. Leo niliivua masikioni, nikakaa sakafuni.

Nikasema yote. Mama alikuwa anapanga vikombe, baba alikuwa mlangoni amekuja kuchukua funguo za duka. Nilianza na mzee wa Kinyangiri nikamalizia na Sista Magreti, sikuruka kitu, hata kicheko nilikitaja. Nilikuwa naongea nikiangalia miguu ya bibi, imevimba kidogo, ina vumbi.

Bibi aliuliza swali moja. "Huyo mzee yuko wapi sasa?"

Nikamwambia amefariki. Akasema inna lillahi, taratibu, mpaka mwisho. Kisha hakunitukana wala kunibembeleza.

"Ungesema mapema, mke mwenzangu."

Basi. Hilo tu. Laiti angenipiga.

Baba alitaja jina langu kamili, lile la kwenye vyeti, mara moja. Akatoka. Nilidhani ameondoka kabisa, kumbe ameenda kuwasha gari la kubebea mafuta ya dukani. Mpaka sasa hajaniambia neno jingine, na sijui ataanza lini, na simlaumu.

Wakati gari linapashwa moto bibi aliomba simu. Akampigia Bi Mwajuma, shoga yake wa tangu usichana. Akaanza kwa Kinyaturu, ambacho humu ndani hutumika kwa mambo mazito, halafu akamalizia kwa Kiswahili kilichonyooka: msije kesho, nina korona. Mama akamwomba apunguze sauti, majirani watasikia. Bibi akamwambia wakisikia ndiyo vizuri. Akapiga simu ya pili. Ya tatu akashindwa kuimaliza, mama akaipokea na kuendelea na majina yaliyobaki.

Ile ilikuwa kazi ya mtu aliyesomeshwa miaka minne. Aliifanya bibi ambaye hakumaliza darasa la nne.

Nilipanda nyuma ya gari, kwenye upepo, barakoa mbili usoni. Pale hospitali nilimfuata Sista Magreti nikamwambia kabla hata hajaniuliza kilichonileta. Hakupandisha sauti. Aliweka kifaa kidogo cha kupima oksijeni kwenye kidole cha bibi, kikasoma themanini na nne. Mtu mzima wa afya anatakiwa awe tisini na tano kwenda juu. Wakamwekea oksijeni pale pale. Ndipo Sista akachukua kalamu na kuniuliza ni wagonjwa gani niliowagusa wiki ile koo lilipokuwa linaniwasha.

Hapo ndipo hofu ilipobadilika ukubwa. Wiki nzima nilikuwa naogopa kwa ajili ya bibi mmoja. Nikaanza kutaja vitanda. Cha pili, yule mama wa sukari. Cha tano. Cha sita, kijana aliyevunjika nyonga. Cha tisa, sikumbuki jina lake, nilimpima presha tu. Sista aliandika kila kimoja, na kila alipoandika alisubiri kidogo, akijua kipo kingine. Kilikuwepo.

Nimechukuliwa kipimo, majibu bado. Mama na baba pia; baba amebaki kule hospitali, nje ya wodi. Emanueli nimemwandikia ujumbe mrefu wa kumwomba radhi. Ameusoma, hajajibu. Zile makala zangu tatu sijazifuta, kwa sababu kila kilichoandikwa humo ni kweli. Makosa hayakuwa kwenye kujua.

Kuna jambo moja tulifundishwa ambalo leo ningependa nisilijue. Ukiwa huna mashine, msikilize mgonjwa anavyoongea. Mwenye mapafu mazima humaliza sentensi yake. Anayeishiwa pumzi huikata, na unaweza kuhesabu maneno kati ya pumzi na pumzi. Saa saba bibi aliongea na mama kwa simu, na mama akaiweka sauti ya juu hapo dirishani ili nami nisikie. Bibi alikuwa anaelekeza mchele uliochambuliwa upelekwe kwa nani. Sikutaka kuhesabu. Vidole vilihesabu vyenyewe. Manane, saba, manane. Saa tisa akapiga tena, akiulizia kama baba amekula. Matano, manne.

Nilipofika hapa simu ikalia, nikaacha kuandika. Ilikuwa namba ya baba. Nikaipokea kwa mikono miwili nikidhani ni baba anataka kusema nami, au anataka kusema lile ambalo siwezi kuliandika. Haikuwa sauti yake.

"Mke mwenzangu," bibi akasema. Pumzi. Nyuma yake oksijeni ilikuwa inavuma. "Umekula?"

Sahani ya mchana ilikuwa bado dirishani, imefunikwa. Na mdomo wangu ulishafunguka kusema nimekula, kwa sababu ndivyo tunavyowajibu wagonjwa, wasihangaike. Ni uongo mdogo kabisa. Nimewahi kusema mkubwa zaidi kwa maneno machache zaidi.

"Sijala, bibi."

Akavuta pumzi. "Kale." Akavuta nyingine, ndefu, nikaisikia ikikwama njiani. "Halafu..."

Simu ikakatika. Nilipiga haikupokelewa. Baadaye kidogo baba amemtumia mama ujumbe, na mama kanisomea kutoka nje ya mlango: nesi kaichukua simu na kumrudishia, wanamlaza bibi kifudifudi ili apumue, tusipige tena mpaka watupigie wao.

Nimekula. Ugali umepoa na mlenda umeganda, lakini nimemaliza wote na kulamba sahani. Joto langu halijapanda. Upepo nao umetulia kidogo, kiasi kwamba simu ikilia nitaisikia hata ikiwa chini ya godoro, lakini sijaiweka chini ya godoro, ninayo mkononi.

Halafu nini, bibi?